Kidole Changu Kilivyogeuka Wazee Kumi na Mmoja

Naomba nianze na aibu yenyewe, tuimalize, halafu tuendelee vizuri: kwa muda wa miezi minne kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kilikuwa wazee kumi na mmoja wa huku Tabaka, Kisii, wanaume saba na akina nyanya wanne, wote wana presha na baadhi yao wana sukari juu ya presha, na hakuna mtu aliyenilazimisha wala kunihonga hata ndizi moja, ni mimi tu, Achieng', na huruma yangu na kiherehere changu, nilikitoa kidole nikakibandika mahali ambapo sikutumwa. (Mama yangu kule ziwani hajui mpaka leo. Anajua tu kwamba kazini kulikuwa na "shida ya mashine", na mkikutana naye nawaomba iwe hivyo hivyo.)

Mimi ni karani wa rekodi katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja kwa sababu bado wananipa kazi. Nilizaliwa kule chini karibu na maji, nikaolewa na Odhiambo ambaye anauza nyaya na balbu, tukaja kutafuta riziki huku milimani, na mpaka leo Kigusii changu ni cha salamu na "keti hapa" na "njoo kesho", kwa hiyo na wagonjwa tunaongea Kiswahili, mimi changu chenye lafudhi ya ziwa, wao chao chenye lafudhi ya mlima, na tunasikizana vizuri sana. Kabla ya mashine kazi yangu ilikuwa kutafuta faili. Chumba kizima cha mafaili, vumbi mpaka kwenye meno, na ukiambiwa ulete faili ya Nyaboke unakuta kuna Nyaboke thelathini na panya amekula jina la baba la kila mmoja. Kwa hiyo siku tulipoletewa vishikwambi viwili na kisahani kidogo cha kioo cha kusoma vidole, mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote, niliimba kabisa.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mgonjwa anakuja na kitambulisho, unaandika jina lake na ugonjwa wake, anabandika kidole kwenye kioo, kioo kinawaka kijani, basi, siku nyingine akija anabandika tu kidole na historia yake yote inafunguka. Na wale wazee wa kliniki ya presha na sukari, wanaokuja kila Jumanne, waliambiwa kwamba tangu siku hiyo dawa inatoka kwa kidole peke yake, kwa sababu kuna watu walikuwa wanachukua dawa mara mbili, mara kwa jina lao, mara kwa jina la shangazi. Bila kidole hakuna dawa. Hata mimi niliona ni busara.

Jumanne ya pili akaingia Mzee Nyakundi.

Mzee Nyakundi ni mchongaji wa mawe ya sabuni, yale mawe laini ya huku kwetu, tangu akiwa kijana, ana miaka themanini na moja, na sanamu za viboko na sahani alizotengeneza ziko kwenye nyumba za wazungu ambao hawatawahi kumjua. Sasa kazi ile si kuchonga tu. Kuna kuchonga, halafu kuna kupiga msasa, na msasa unapigwa ndani ya beseni la maji, jiwe mkono mmoja, karatasi ya msasa mkono wa pili, unasugua na kusugua mpaka jiwe linateleza kama yai, na mimi sikuwahi kufikiria (nani anakaa akifikiria mambo kama haya) kwamba msasa haujui tofauti ya jiwe na mtu. Alibandika kidole gumba, mashine ikasema jaribu tena. Akabandika cha shahada, jaribu tena. Tulipitia vidole vyote kumi kama watu wanaotafuta ufunguo wa kufuli la zamani. Nikamtuma akanawe kwa sabuni, akanawa, nikampaka mafuta, nikampangusa, nikampulizia pumzi ya moto kama vile Odhiambo anavyopulizia betri za rimoti, na mashine ikasema jaribu tena. Mwishowe niliushika mkono wake nikaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, na hapo nikaona kwamba hakukuwa na kitu. Ncha za vidole zilikuwa laini kabisa, hazina mstari hata mmoja.

Akanitazama kwa upole, akaniambia, "Daktari, hii vidole nilimaliza kwa kazi." (Pale kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, hata anayeshika faili.)

Na kumbukeni huyu alikuwa amerudishwa Jumanne iliyotangulia, siku ambayo mimi sikuwa kazini, kwa sababu hiyo hiyo, na dawa zilikuwa zimemwishia, na Sista Kwamboka, ambaye ndiye mkuu wa kituo chetu, alikuwa ametoka kumpima presha akaandika namba halafu akaikodolea macho kama mtu aliyeandika kitu kibaya kumhusu jirani. Mzee alichukua kofia yake, akainuka, akashika ukuta kwanza kwa sababu kichwa kilimzunguka, akaanza kwenda zake. Mimi nikautazama mlango, nikakitazama kioo, nikamwambia, "Tata," yaani baba, "ngoja kidogo," nikabandika changu.

Kijani.

Nilijiambia ni mara moja tu, na kama mnajua mtu yeyote ambaye jambo lake la mara moja tu lilikuwa la mara moja kweli, mleteni nimsalimie.

Jumanne iliyofuata Mzee Nyakundi alikuja na jirani yake, ambaye naye amepiga msasa maisha yake yote, na huyo jirani hakujaribu hata kubandika kidole chake, alikaa tu akaniangalia mkono. Baada yake akaja mwingine. Halafu akaja Magokoro Bosibori (magokoro ni nyanya, na huyu ni nyanya wa kila mtu), mjane mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, ambaye amesugua bakuli za mawe tangu kabla mimi sijazaliwa na ambaye vidole vyake, ukivigusa, unaweza kudhani ni vijiko. Wote niliwajaribu kwanza kwa haki, vidole kumi kumi, na wote walikataliwa kwa haki, nikabandika changu. Kufika mwezi wa pili walikuwa kumi na mmoja. Sikuwa na mtu wa kumuuliza, au tuseme ukweli, nilikuwa naye ila sikuuliza, kwa sababu ukianza kuuliza "je, mtu akiwa hana alama za vidole", utaulizwa "na hawa kumi na mmoja umewaandikishaje".

Mtauliza mbona mashine haikunikamata. Mtandao wa kwetu ni wa kubahatisha, kwa hiyo kishikwambi kilikuwa kinaweka kila kitu tumboni mwake, na mwisho wa mwezi kinatuma idadi tu, wameandikishwa wangapi, basi. Vidole vyenyewe vilikuwa vimekaa humo ndani kimya vikisubiri siku ya mtandao wa maana. Hilo mimi sikulijua. Nilijua tu kwamba kila Jumanne nina kazi: mzee anaingia, nachagua jina lake kwenye orodha, nabandika kidole, kijani, dawa, mzee anashukuru, anayefuata. Siku nikiomba ruhusa, kliniki inasimama.

Na hapo ndipo wazee walipoanza kukichunga kidole changu.

Ilianza siku niliyoungua na sufuria ya ugali. Palikuwa padogo tu, nikapaka dawa ya meno, nikafunga na kitambaa, nikaenda kazini, na Mzee Nyakundi alipoona kile kitambaa alikaa kwenye benchi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Yeye na wenzake wakateta kwa Kigusii kwa muda mrefu. Sikuelewa yote ila nilisikia jina langu, nikasikia sufuria, na kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikasikia hodi, na alikuwa Magokoro Bosibori amebeba kisu chake mwenyewe. Akaniambia kwamba wamekubaliana kuwa mimi nisikate mboga, nisiosheoshe vitu vya kukwaruza, na nisishike moto, mpaka wao wafe. Akaingia jikoni. Tangu siku hiyo, mara tatu kwa wiki, nyanya wa miaka sabini na sita alikuja kunikatia sukuma wiki na kusonga ugali nyumbani kwangu, na mume wangu Odhiambo, ambaye hakuambiwa chochote, aliniuliza kama nimeajiri mtu, nikasema ni rafiki, akasema rafiki yako amenikataza kukutuma ufungue soda.

Kule sokoni wakaanza kunibebea mfuko. Mzee mmoja alininunulia glavu za mpira. Kanisani, wakati wa kupeana amani, mtu alinibana mkono kwa nguvu, na Mzee Nyakundi, aliyekuwa viti viwili nyuma, alimwambia huyo mtu amsalimie mwingine. Ningekuwa na akili ningeona kwamba jambo hili sasa limenizidi. Lakini nawaambia ukweli, nilinenepa, nilipumzika, ngozi ya mikono ikawa laini kama ya bibi harusi, na nikawa nimeshaanza kuzoea.

Sasa sikieni jinsi mambo yalivyoharibika. Vituo vingine vya jirani vilikuwa na shida ile ile, wazee wa mawe wanakataliwa na kioo, wanarudi nyumbani, na wakubwa wa kaunti walipotazama orodha wakaona kituo kimoja tu ambacho hakijawahi kukosa hata mzee mmoja. Chetu. Sista Kwamboka akapigiwa simu ya pongezi. Akaambiwa kwamba daktari mkubwa wa kaunti anakuja mwenyewe, na wageni, na hema, kuona siri yetu ni nini ili wengine wajifunze. Sista alinikumbatia pale kwenye korido, na huyu si mtu wa kukumbatia, akasema kwamba siku hiyo mimi ndiye nitakayesimama mbele. Usiku ule sikulala, nilikaa nikikitazama kidole.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, makusudi, ili wazee wawepo. Hema la bluu na nyeupe uwanjani, viti vya plastiki, kwaya, spika, shuka kubwa jeupe limetundikwa na projekta, ili kila kitakachoonekana kwenye kishikwambi waone wote. Pembeni kulikuwa na ambulensi mpya, imeoshwa, imefungwa utepe, na vijana wake wawili wenye sare wamesimama wima kama walinzi wa benki, hamu ya kazi imewajaa na hakuna mgonjwa. Na kulikuwa na Faith, fundi wa mfumo aliyekuja kutufundisha ule mwezi wa kwanza, dada mpole mwenye miwani, ambaye alikuwa amekuja na kifaa chake cha mtandao chenye nguvu, akakiwasha asubuhi, akaniambia kwa furaha kwamba leo hatimaye kila kitu kimepanda kwenye mfumo mkuu. Nikamuuliza kila kitu kama nini. Akasema kila kitu, pamoja na vidole.

Nilitaka kwenda chooni, lakini Sista Kwamboka alikuwa ameshanishika mkono.

Daktari mkubwa alikuwa mama wa makamo, mrefu, anaongea polepole. Alisema hakuja kwa hotuba, anataka kuona kazi. Sista akasema, karani wetu atabandika kidole chake mwenyewe muone, kwa sababu hata sisi wafanyakazi tumeandikishwa. Mimi nikasema labda tumwite mgonjwa. Daktari akasema hapana, wagonjwa wana siri zao, wewe unatosha. (Siri zao. Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja.) Nikabandika kidole cha kushoto, nikiomba, mashine ikaandika kwenye shuka kwa herufi kubwa kwamba mtu huyu hajulikani. Watu wakacheka kidogo. Daktari akasema, kwa upole kabisa, nijaribu kile cha kulia.

Nikabandika cha kulia.

Kwanza kikawaka kijani, kama kawaida yake, kijani kile nilichokipenda kwa miezi minne. Halafu shuka likajaa maandishi. Mfumo mkuu, baada ya kuona kidole kimoja kwenye faili kumi na mbili, ulikuwa umefikiria kwa namna yake na kuamua kwamba huyo lazima ni mtu mmoja mwenye majina mengi, ukaziunganisha zote, na jina lililokaa juu lilikuwa la yule mgonjwa wa kwanza. Daktari akasoma kwa sauti, kwenye maiki: Nyakundi, mwanamume, miaka themanini na moja, ana presha, ana sukari, ana matatizo ya tezi dume, ana mafua ya mwezi uliopita, na pia anajulikana kama Bosibori, pia kama Achieng', pia kama wengine tisa. Halafu chini ya maandishi ikatokea alama nyekundu, ikiwaka na kuzima, ikisema mgonjwa huyu yuko hatarini, kila mara anapewa dozi ya watu kumi na mmoja kwa siku moja, asaidiwe mara moja. Na kishikwambi kikaanza kulia.

Kilicholia baada yake ni kishikwambi cha ambulensi.

Wale vijana wawili hawakusubiri mtu awaambie. Walikuja na machela mbio kupita katikati ya viti, mmoja akauliza mgonjwa ni nani, na watu wote, kwa sababu kidole changu kilikuwa bado kiko kwenye kioo, wakanionyesha mimi. Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na maiki mbele ya mdomo, nilikuwa na dakika nzima. Badala yake nilifikiria jambo moja tu, kwamba mgonjwa hahojiwi, nikalala.

Nililala kwenye machela mwenyewe, nikafumba macho, nikajifunika na leso.

Wakanifunga mikanda, wakanivalisha kile kitambaa cha kupimia presha, na kwa jinsi moyo ulivyokuwa unanienda mbio, namba iliyotoka ilikuwa ya kutisha kweli. Nilisikia kijana mmoja akimwambia daktari kwamba mashine imesema kweli, huyu asipowahiwa atapooza. Nilisikia daktari akishusha pumzi, akashika maiki, akawaambia watu kwamba wameona wenyewe, mfumo huu umeokoa maisha mbele ya macho yao, na ingawa majina yamechanganyika kidogo, hatari imeonekana. Watu wakapiga makofi. Kwaya ikaanza wimbo. Mimi niko pale chini ya leso, mzima kama ng'ombe, napigiwa makofi, nabebwa, naingizwa kwenye ambulensi, mlango unafungwa, king'ora kinalia, na nikajiambia, Achieng', sasa utapelekwa Kisii mjini kuoshwa tumbo kwa dawa ambazo hukumeza.

Gari likatembea kama hatua kumi likasimama.

Nikasikia dereva akiomba watu watoke barabarani. Nikasikia sauti ya Magokoro Bosibori. Alikuwa amesimama mbele ya gari, na nyuma yake wale wengine wamejipanga na fimbo zao, wengine wamekaa chini kabisa kwenye murram ya barabara, na dereva alipomweleza kwamba mgonjwa anakufa akamjibu kwamba wao hawajachukua dawa za leo. Dereva akamuuliza hilo linahusiana vipi na mgonjwa. Ndipo aliposema yale maneno ambayo mpaka leo watu wakiniona pale sokoni wanayarudia.

"Yeye nyinyi pelekeni," alisema Magokoro, "lakini kidole ibaki."

King'ora kikazimwa. Daktari mkubwa akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akanitazama, na mimi nikafumbua jicho moja nikalifumba tena, lakini alikuwa ameliona. Akaniuliza kama naweza kukaa. Nikakaa. Akaniuliza kidole ni cha nani. Nikamwambia ni changu. Akauliza ni cha nani tena, na nikaanza kuwataja mmoja mmoja, na kila nikitaja jina mwenye jina ananyoosha fimbo yake juu, kama tuko darasani, mpaka wote kumi na mmoja wakaisha, na nyuma yao watu wa hema zima wamesimama juu ya viti ili wasipitwe. Sista Kwamboka alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Odhiambo, ambaye alikuwa amekuja kufunga spika, alikuwa amekaa juu ya mojawapo, na nilimwona uso wake ukipambazuka polepole alipoelewa habari ya soda.

Daktari hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Alisema kwamba mzee mmoja kati ya hao angepelekwa hospitali nyingine akiwa hajitambui, wangefungua rekodi yake wakakuta magonjwa ya watu wengine kumi, wangempa dawa isiyo yake, angekufa, na kilichomuua kingekuwa kidole changu. Kwa miezi minne sikuwa nimewaza hivyo hata mara moja. Nilikuwa nimewaza juu ya kufukuzwa kazi, nikawaza juu ya aibu, lakini hilo halikuwa limenijia, na pale kwenye ambulensi na mikanda kiunoni nikaanza kulia, kilio kile cha kamasi, na hakuna aliyepiga makofi.

Mzee Nyakundi ndiye aliyesogea. Akamwomba daktari amlete kwenye ile mashine. Wakaleta kioo pale pale nyuma ya gari, na shuka bado liko wazi, kila mtu anaona. Akabandika kidole. Jaribu tena. Akabandika kingine. Daktari akamshika mkono yeye mwenyewe, akamkandamiza, akampangusa na kitambaa chake, akajaribu vyote kumi kama nilivyofanya mimi siku ile, na kila mara shuka likasema jaribu tena, jaribu tena, unasikia tu kile kimlio kidogo. Alipofika cha kumi aliugeuza ule mkono kwenye jua akauangalia kwa muda.

Mzee akamwambia, "Mimi niko hapa. Hata mashine ikikataa, si uko na macho?"

Daktari akamgeukia Faith, akamuuliza mfumo unasema nini kuhusu mtu kama huyu. Na Faith, masikini, aliyekuwa amesimama pembeni akiwa amekunja mikono kama mtoto aliyevunja kikombe, akasema kwa sauti ndogo sana kwamba kuna kitufe.

Daktari akauliza kitufe gani. Faith akachukua kishikwambi, akausukuma ukurasa juu, na juu tena, mpaka chini kabisa, chini ya mahali ambapo mimi nilidhani dunia imeishia, na hapo palikuwa na kimstari cha kijivu kilichoandikwa: hana alama za vidole. Ukikibonyeza unampiga mtu picha ya uso na unaandika namba ya kitambulisho. Inachukua kama dakika moja. Faith akasema alitufundisha siku ile ya pili, baada ya chai, na Sista Kwamboka akaniangalia, kwa sababu yeye na mimi tunajua kwamba siku ya pili baada ya chai mimi nilibaki kule nyuma nikipiga hesabu na mpishi ya mandazi yaliyobaki, nani apeleke nyumbani.

Nilipewa barua ya onyo, na nilistahili mbili. Hawakunifukuza, kwa sababu, kama daktari alivyosema, mtu pekee anayeweza kuvitenganisha vile vitu ni yule aliyevichanganya, kwa hiyo nilikaa na Faith siku tatu nzima, mzee mmoja mmoja, namvua kidole changu kwenye rekodi yake na kumpiga picha. Magokoro Bosibori alikataa kupigwa picha bila kitambaa chake cha kanisani, akarudi nyumbani kukifuata. Dawa zao walipewa siku ile ile ya hema, kwa mkono, kwa macho ya Sista Kwamboka. Jikoni mwangu hakuna mtu aliyekuja tena, na Odhiambo alisema waziwazi kwamba ugali wa Magokoro ulikuwa mzuri zaidi.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja mgeni, mchuma chai wa kule Gesima aliyeolewa huku, vidole vimeshika rangi ya majani na vimepasukapasuka, akabandika, mashine ikasema jaribu tena. Akajaribu tena. Akanitazama kwa yale macho ninayoyajua. Na nawaapia, jamani, kidole changu cha kulia kilianza kutembea chenyewe juu ya meza kuelekea kwenye kioo. Nikakirudisha, nikakiweka chini ya paja, nikakikalia, na kwa mkono wa kushoto nikausukuma ukurasa mpaka chini, polepole, nikamwambia yule mama aangalie huku na asicheke. Akacheka. Picha ikatoka akiwa anacheka, na hivyo ndivyo alivyo kwenye mfumo mpaka leo, yeye peke yake.